Simu iwe ya mwenyewe: namna ya kuitayarisha kwa mtu mwenye ulemavu

Simu nyingi zinazotumika Lamu tayari zina njia ya kumsomea asiyeona, ya kumuandikia asiyesikia na ya kumsubiri mwenye mikono inayotetemeka. Njia hizo zimo tangu simu inapotoka kwenye boksi, hazilipiwi, na mara nyingi zimezimwa tu. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na mwenye simu, kuziwasha pamoja naye, kisha kurudi baada ya siku chache kuangalia anaendeleaje. Mwongozo huu ni wa mtu huyo: mjukuu, jirani, mwalimu, kijana wa duka la simu pale Langoni.

Shabaha ni moja. Mwenye simu apige, apokee, ajue ujumbe wake na ashike pesa zake bila kumpa mtu mwingine PIN. Watu wengi wenye ulemavu hapa kwetu wana laini na wana M-Pesa, lakini PIN yao inajulikana na nyumba nzima. Wenyewe hawakupenda iwe hivyo. Hawakupewa njia nyingine. Njia nyingine ipo.

Kabla ya kugusa simu

Kaa naye barazani asubuhi, jua halijawa kali, umuulize: ungependa kufanya nini na simu hii bila kumuita mtu? Majibu hayafanani. Mmoja anataka kumpigia mwanawe Mombasa tu. Mwingine anauza samaki na anataka kujua nani amelipa. Bibi mmoja wa Mkomani haja yake ilikuwa kujua nani anapiga kabla hajapokea, basi. Hilo halihitaji zaidi ya kumpa kila mtu wa karibu mlio wake: mwanawe mlio huu, dadake mlio ule. Hata simu ndogo ya batani hufanya hivyo.

Usikisie hali ya mtu pia. Kuna asiyeona kabisa na kuna anayeona mwanga na vivuli. Kuna anayesikia sikio moja. Mwenye kiharusi huenda mkono wa kushoto ni mzima kabisa na ni wa kulia tu usiomtii. Muulize, umjaribishe, uangalie.

Kisha kuna sharti ambalo mimi silivunji: simu haitoki mikononi mwa mwenyewe. Wewe unaeleza, yeye anafanya. Ukiichukua ukaipanga haraka haraka, utamrudishia kitu asichokijua, na kesho akikwama atakuita tena. Nilipokuwa nikimfundisha nahodha mmoja mstaafu aliyepoteza macho kwa presha ya macho, jamaa zake walikuwa wakinyoosha mikono kila dakika: "Lete ami, nikufanyie." Ilibidi niwaombe watoke kidogo. Alipobaki peke yake na kidole chake, alitulia.

Kama simu haijanunuliwa

Usikimbilie simu kubwa. Kwa anayetaka kupiga na kupokea tu, simu ya batani, ile ya tochi, bado ni chombo kizuri. Batani ya 5 ina kinundu, na kutoka hapo kidole kinajua 2 iko juu, 8 iko chini, 4 na 6 pembeni. Namba za haraka zinawekwa kwenye batani 2 hadi 9: anabonyeza na kushikilia, simu inapiga. Kama kinundu cha 5 kimefutika kwa matumizi, tone moja la rangi ya kucha, likiachwa likauke vizuri, linakirudisha.

Akitaka simu ya kugusa, angalia mambo mawili dukani kabla ya kulipa. Kwanza, washa palepale kisoma skrini, yaani programu inayotaja kwa sauti kilicho kwenye skrini. Simu nyingine za bei ya chini hukwama kikiwashwa, kidole kinagusa na sauti inakuja baadaye, na kwa asiyeona kuchelewa huko kunatosha kumkatisha tamaa. Pili, tazama tundu la chaji. La aina ya Type-C linaingia upande wowote. Lile la zamani lina juu na chini, na asiyeona au mwenye mikono inayotetemeka hulisukuma vibaya mpaka likavunjika. Tundu hilo ni sababu tosha ya kuongeza pesa kidogo.

Asiyeona: kuwasha TalkBack

Kwenye simu za Android kisoma skrini kinaitwa TalkBack, kwenye iPhone kinaitwa VoiceOver. Nitaeleza cha Android kwa sababu ndicho kilicho mikononi mwa wengi.

1. Fungua Mipangilio, kisha sehemu ya Ufikivu. Kama simu iko kwa Kiingereza sehemu hiyo imeandikwa Accessibility, na aghalabu ina alama ya mtu aliyenyoosha mikono.

2. Kabla ya kuwasha chochote, tafuta humo sehemu ya kubadilisha maandishi kuwa sauti. Chagua injini ya Google, kisha lugha ya Kiswahili, na upakue sauti yake mahali penye Wi-Fi. Hatua hii huachwa sana. Sauti ya Kiingereza ikisoma ujumbe wa Kiswahili hutoka maneno yasiyoeleweka, na mtu huamua kwamba kitu hiki hakimfai, kumbe hakikupangwa.

3. Punguza kasi ya usomaji. Anayeanza anahitaji sauti ya polepole; baada ya muda mwenyewe atataka iongezwe, na wazoefu huisikiliza kwa kasi ambayo sisi wengine hatuwezi kuifuata.

4. Washa njia ya mkato, ile ya kubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja na kuvishikilia kama sekunde tatu. Huo ndio mlango wa kuingia na kutoka. Mfundishe huo kwanza, awashe na kuzima mara kadhaa, ili asiogope kufungiwa ndani.

5. Kama simu inaendeshwa kwa kutelezesha vidole pembeni, irudishe kwenye vitufe vitatu vya chini. Kitufe chenye mahali pake maalumu ni rahisi kukipata.

6. Sasa washa TalkBack.

Kuanzia hapa simu inabadilika tabia, na hapa ndipo wasaidizi wengi hutaharuki wakadhani imeharibika. Kugusa mara moja hakufungui kitu, kunakitaja tu. Kukifungua unagusa mara mbili haraka haraka, popote kwenye skrini. Kidole kimoja kikitelezeshwa kulia kinapeleka kwenye kitu kinachofuata, kushoto kinarudisha nyuma. Kushuka kwenye orodha ndefu kunataka vidole viwili pamoja. Kugusa mara moja kwa vidole viwili kunanyamazisha sauti, na kwenye simu nyingi za miaka ya karibuni, kugusa mara mbili kwa vidole viwili kunapokea simu na kuikata.

Kile kinachowatatiza wazee zaidi ni mguso wa mara mbili. Yule nahodha alikuwa akigusa kwa nguvu, akinyanyua mkono mzima, na mguso wa pili ukawa unachelewa. Simu ikataja jina la mwanawe tena na tena bila kumpigia. Kumwambia "haraka zaidi" hakukusaidia. Kilichosaidia ni kumweka kiganja chake kikapumzika kwenye ukingo wa simu, kidole cha shahada peke yake kikatoka, nikamgongea mgongo wa mkono wake mapigo mawili mepesi ili ausikie mwendo. Akajaribu kwenye kioo cha simu iliyozimwa kwanza, kisha kwenye iliyowashwa. Simu ikaita. Nadhani kila mwenye kufundisha angeanza na mkono hivi, maana maneno peke yake hayaelezi mwendo wa kidole.

Mpe kitu kimoja kwa siku. Siku ya kwanza apige na kupokea. Kusoma ujumbe kuje baadaye, kuandika kuje mwisho. Ndani ya mipangilio ya TalkBack kuna somo la mazoezi ambalo anaweza kulirudia peke yake. Kwa kuandika, kibodi ya Gboard ina maikrofoni inayopokea Kiswahili tangu mwaka 2017: anasema, inaandika. Aseme Kiswahili sanifu na kwa utaratibu. Kiamu cha ndani, lahaja yetu ya Lamu, huikanganya. Na aliyesoma Braille, yale maandishi ya kupapasa, tuseme aliyepitia shule ya wasioona ya Likoni au ya Thika, TalkBack ina kibodi ya nukta sita tangu 2020, na kwa mwenye ujuzi huo hakuna njia ya haraka kuliko hiyo.

Neno kuhusu iafoni, yaani vipokea sauti vya masikioni: avae sikio moja tu akiwa njiani. Vichochoro vya mji huu ni vyembamba, na asiyeona anamtambua punda kwa kwato zake na kwa sauti ya anayemwendesha. Sikio la pili analihitaji.

M-Pesa na PIN

M-Pesa ilianza mwaka 2007, na leo asiyeweza kuitumia mwenyewe yuko chini ya mkono wa mwingine kila anaponunua mkate. Kwa hiyo hapa usiharakishe.

Menyu ya *334# husomwa na TalkBack, lakini hukatika mtu akichelewa kujibu, na anayeanza huchelewa. Akiwa na simu ya kugusa na bando, programu ya M-Pesa ni bora, maana haimkimbizi, na kwenye simu yenye kisoma alama za vidole inaweza kufunguliwa kwa kidole. Asiye na bando atumie menyu ya laini au *334#, ila ajizoeze kwanza kwa kutazama salio tu, mara nyingi, mpaka mpangilio wa menyu ukae kichwani. Namba za anaowatumia pesa ziwe zimehifadhiwa kwa majina kabla. Kuandika tarakimu kumi huku menyu inataka kukatika ni mateso.

Hatari yenyewe ni hii: TalkBack inaweza kuzitamka tarakimu za PIN kwa sauti wakati anaziandika. Avae iafoni kila anapoingiza PIN, hata nyumbani. Tena kwenye TalkBack kuna uwezo wa kuficha skrini, ikawa nyeusi huku simu inaendelea kufanya kazi. Aliyesimama nyuma yake dukani haoni kitu. Vivyo hivyo kwenye iPhone: kugusa mara tatu kwa vidole vitatu kunafunika skrini.

Kabla pesa haijatoka jina la mpokeaji hutajwa. Afundishwe kusikiliza jina hilo mpaka mwisho. Kwa wakala, atoe pesa kwa mkono wake mwenyewe na asiondoke kaunta mpaka ujumbe wa kuthibitisha umesomwa sikioni mwake. Na siku mafunzo yakikamilika, abadilishe PIN, wewe ukiwa umegeuza uso. Jamaa watanung'unika: "Tukihitaji kumsaidia je?" Watamsaidia akiwaomba.

Anayeona kidogo

Huyu usimpe TalkBack moja kwa moja, itamchosha. Mwanzo ongeza ukubwa wa herufi, kisha ukubwa wa vitu vyote kwenye skrini, maana ni mipangilio miwili tofauti. Usivipeleke vyote mwisho, maneno hukatika na vitufe hutoka nje ya skrini. Washa herufi nene na zenye utofauti mkubwa wa rangi. Ukuzaji wa skrini nao upo: anagusa mara tatu, kila kitu kinakuwa kikubwa, anavuta kwa vidole viwili kwenda anakotaka.

Maandishi meupe kwenye weusi yanapumzisha macho ndani ya nyumba zetu za mawe, lakini ukitoka forodhani saa sita mchana hayaonekani. Juani mandhari meupe yenye mwanga wa juu kabisa ndiyo yanayosomeka. Mfundishe kubadilisha mwenyewe.

Asiyesikia

Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu mwaka 1876, alikuwa mwalimu wa viziwi; mama yake alikuwa na usikivu hafifu na mkewe alikuwa kiziwi. Hata hivyo simu ilibaki chombo cha wanaosikia mpaka mwaka 1964, pale Robert Weitbrecht, mwanafizikia kiziwi wa Marekani, alipopata njia ya kupitisha maandishi kwenye waya wa simu. Leo simu ya kiziwi ni kamera na kioo.

Washa mtetemo mkali na mmweko wa taa simu inapoita. iPhone na Samsung zina mmweko huo kwa miaka mingi, na Android imeuweka kwa wote kuanzia toleo la 14. Usiku simu iwekwe mahali ambapo mwanga wake unafika usoni.

Kwa simu za video za WhatsApp, ishara zinataka mwanga mbele ya mtu, si nyuma yake. Vyumba vyetu vya ndani vina giza; aende kwenye daka (baraza la mlangoni), kiwandani (uani) au darini, asimame mbele ya ukuta usio na mapambo, simu iegemee kitu ili mikono yote miwili iwe huru, na kiwiliwili kuanzia kiunoni kionekane. Khanga yenye maua makubwa hufanya vidole visionekane vizuri.

Jambo moja wasaidizi hulikosea: kudhani kwamba kila kiziwi anasoma. Aliyesoma shule ya viziwi ya Kibarani, Kilifi, anajua Lugha ya Ishara ya Kenya na kuandika. Mzee wa Siyu au Faza ambaye hakuwahi kupelekwa shule ana ishara za nyumbani kwake tu, na ujumbe mrefu wa maandishi kwake ni ukuta. Mpe picha na video fupi. Picha ya kapu, picha ya samaki, picha ya saa: mambo yanaeleweka.

Anayesoma na anayeishi kati ya wanaosikia aweke Live Transcribe ya Google. Inaandika maneno ya anayezungumza papo hapo, Kiswahili kimo, ila iwe na mtandao. Simu isogezwe karibu na mdomo wa msemaji. Kwenye boti ya Mokowe, injini na upepo vikipiga, usiitegemee. Hospitalini inasaidia kwenye dirisha la dawa, lakini isiwe badala ya mkalimani mbele ya daktari. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, na maneno ya ugonjwa hayafai kubahatishwa.

Anayesikia kidogo asaidiwe kwa mambo madogo: sauti ya pande mbili iunganishwe kuwa moja, ili anayesikia sikio moja asikose nusu ya maneno, na urari wa sauti uvutwe upande wa sikio zima.

Dharura nayo ipangwe mapema. Kiziwi hawezi kupiga 999 au 112 akaeleza. Andikeni ujumbe tayari, "Nahitaji msaada, njoo nilipo," ubaki kwenye mazungumzo na jirani wawili watatu, na afundishwe kutuma mahali alipo kwa WhatsApp. Mitaa yetu haina namba za nyumba zinazoelezeka upesi. Alama kwenye ramani inafika haraka kuliko maelezo. Kutuma mahali kwa muda usiozidi saa nane kunamfaa pia asiyeona anayesafiri peke yake.

Mikono isiyotii

Kwenye Ufikivu kuna muda wa kugusa na kushikilia; uongeze uwe mrefu, ili kidole kinachotetemeka kisifungue visivyotakiwa. Washa menyu ya ufikivu, inayoweka vitufe vikubwa vya sauti, kufunga skrini na mengineyo mahali pamoja. Kwenye iPhone kazi hiyo inafanywa na AssistiveTouch. Kukata simu kwa kitufe cha pembeni kunasaidia sana.

Watu hawajui kwamba simu ya Android inakubali mausi ya kompyuta. Waya mdogo wa OTG, ule wa kuunganisha vifaa kwenye tundu la chaji, pamoja na mausi ya kawaida, na mshale unatokea kwenye skrini. Asiyeweza kugusa kwa usahihi lakini anaweza kusogeza mkono mezani, hii inaweza kumfungulia kila kitu. Kwa hali ngumu zaidi kuna Switch Access, ambapo simu inapitisha alama juu ya vitu kimoja kimoja na mtu anabonyeza kitufe kimoja tu inapofika anapotaka.

Na simu inahitaji pa kukaa. Mji huu haukosi maseremala. Kigoda kidogo cha mbao chenye mfuo wa kuingiza simu ni kazi ya mabaki ya ubao. Kiwe kizito chini kisiteleze, na mfuo uwe mpana kiasi cha kupokea simu ikiwa na kava yake.

Anayesahau au anayechanganyikiwa na mengi

Ondoa kwenye skrini ya mbele kila asichotumia. Weka picha za watu watano au sita, ambazo akigusa sura, simu inapiga. Usihamishe kitu tena baada ya hapo, hata kama unaona kingependeza upande mwingine. Mkumbushe mara kwa mara kwamba hakuna mtu wa kampuni yoyote mwenye haki ya kuuliza PIN kwa simu.

Baada ya hapo

Rudi. Maswali ya kweli hutokea siku ya tatu, si ya kwanza. Kama hajasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, msindikize. Safari inaanza kwa tathmini hospitali ya serikali, na kupitia usajili huo anaweza kuomba vifaa vya kumsaidia.

Chumvi ya bahari inaingia kwenye tundu la chaji na kulila polepole. Simu ya anayepanda boti ikae kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, na tundu lisafishwe kwa mswaki mkavu laini, simu ikiwa imezimwa.

Simu ikijisasisha, jaribuni pamoja njia ya mkato ya TalkBack, maana mara nyingine mipangilio hubadilika. Na ikibidi kwenda kwa fundi, iandike mipangilio yote kwenye karatasi kwanza, umwambie asiirudishe simu kwenye hali ya mwanzo bila kuuliza. Akilazimika kufanya hivyo, nenda siku hiyohiyo ukaipange upya na mwenyewe, mkianza na sauti ya Kiswahili.